Mafuta ya Mchaichai

Naguru, Jumamosi, 12 Aprili 1975

Hatimaye nimejua nitampaka nini binti yangu Akello tukienda visiwa vya ziwani wiki ijayo. Mwaka jana malaria ilikaribia kuninyang'anya mtoto huyu. Sitaki mchezo na mbu.

Leo jioni nilishuka naye Luzira, ufukweni, kufanya majaribio. Mkono wa kushoto nilijipaka dawa ya tyubu niliyouziwa kwa magendo. Wa kulia, mafuta ya mchaichai aliyonichemshia Mama Furaha, jirani yangu wa kutoka Bukavu. Jua lilipozama, wa kushoto ulikuwa umevimba kama andazi. Nikaikamua tyubu na kunusa: mafuta ya kupikia! Wa kulia haukuguswa.

Tulipokuwa tunarudi, askari wa kizuizi cha barabarani akaitoa chupa ya mafuta kwenye kapu langu. Watu wamechukuliwa kwa mambo madogo kuliko chupa.

"Hii nini? Petroli?"

"Mafuta ya kufukuza mbu, afande."

Akanusa. Akanitazama. Nikaushika mkono wa Akello kwa nguvu.

Akakunja mikono ya shati. "Paka mimi pia, mama. Hapa mbu inakula sisi kila siku."

Nikampaka mikono na shingo. Mwenzake naye akaja akainamisha kichwa. Akello akacheka kwa sauti, nao wakacheka.

Tukaruhusiwa kupita. Chupa wakabaki nayo.

Kesho nitamwomba Mama Furaha achemshe nyingine. Sijui atacheka au atakimbia nikimwambia wateja wake wapya ni akina nani.