Kidole Juu ya Sahani

Jumanne. Ukungu umekaa tangu alfajiri, na hata sasa mchana siioni migomba ya mwisho shambani. Mvua haijaamua kama inanyesha au inatania tu. Nimevaa sweta juu ya kanga, na akili yangu iko mbali, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto tamu.

Naandika kwa kalamu. Nitachapa nikienda Biharamulo mjini kununua nyuzi. Nyie wapenzi wa santuri mnaopita kwenye ukurasa huu mnaniuliza kila mara: fundi, wiki hii unasikiliza nini? Mmoja wenu yuko Dodoma, ana mashine tatu na spika zinazogusa dari. Mwingine hutuma picha za majalada hadi namwonea wivu. Mimi huwajibu kwa mistari miwili, basi. Leo mistari miwili haitoshi.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi cherehani, kijijini, jirani na kambi ya wakimbizi ya Lukole huku Ngara. Mashine yangu ya santuri ni ya betri, urithi wa marehemu baba. Kila Jumapili baada ya misa wanakuja watu watatu wanne barazani kwangu, kila mmoja na sahani yake ya santuri, pamoja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tunasikiliza jazi. Jazi yetu ni ile ya magitaa matatu, tarumbeta na saksafoni, ya zile bendi zilizovaa suti za kufanana na kujiita jazi bila kumwomba mtu ruhusa.

Tuna desturi moja. Kabla sindano haijashuka, mwenye sahani anasema anamsikilizia nani. Mimi humsikilizia baba. Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake baada ya kukaa Runazi, humsikilizia mke wake aliyegoma kuondoka Shinyanga. Sindano ikishashuka hakuna kuongea, hata nyumba ikiungua.

Sasa niseme jambo ambalo hadi juzi sikulijua. Mkanda wa mashine ulikatika zamani, nikakata mwingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Sahani ilizunguka, tukashangilia, tukasahau. Tangu hapo bendi zetu zote zimekuwa zikiimbwa na wanaume wenye sauti nene, wasio na haraka, wanaoimba kana kwamba wamejifunika blanketi. Masanja alijifunza kuucheza muziki huo: hatua moja, anangoja, hatua nyingine. Kuna wimbo ambao mtu wa Dodoma aliniandikia kuwa unamrusha kitini. Nilimshangaa. Kwangu wimbo huo huo ni wa kulalia.

Nilidhani jazi ndivyo ilivyo.

Mama Generoza ndiye aliyetuamsha. Ni Mrundi wa Lukole, mtu mzima kunizidi, na amepalilia maharage yangu misimu mingi. Kirundi chake na Kihangaza changu ni kama ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hatujawahi kukosa la kusema. Mwezi huu jina lake limetokea kwenye orodha ya wanaorudi kwao, akaja nimshonee gauni la safari. Nikiwa nampima mabega aliiona mashine ya santuri mezani, akashtuka. Nilifikiri nimemchoma na pini.

Jumapili alikuja na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Sahani ndogo, haina jalada. Miaka yote ya kambini imelala chini ya mkeka wake, naye hana mashine wala jirani mwenye mashine. Muziki wetu alikuwa akiusikia kutoka barabarani kila Jumapili, anapita. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akanijibu, "Ungefikiri naomba kitu."

Masanja alimpisha kiti. Tukamweleza desturi yetu.

"Namsikilizia mdogo wangu Salvatori," alisema. "Ndiye anayeimba."

Alimbeba Salvatori mgongoni yeye mwenyewe, mama yao akiwa shambani. Salvatori akakua, akaenda Bujumbura, akaingia bendi, wakatoa sahani moja tu. Kisha vita ikaja, na mpaka leo dada yake hajui alipolala. Hana kaburi la kwenda kusimamia. Ana sahani hii.

Nikashusha sindano. Magitaa yakaja, kisha akaja mwanamume mwenye sauti nzito, ya kifuani, polepole. Nzuri kweli. Mama Generoza aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, akasikiliza. Halafu akavunja sheria yetu.

"Si yeye."

Masanja akainua uso.

"Siye huyu. Salvatori alikuwa na sauti nyembamba. Kanisani walimtania kwamba akae na wanawake." Akaitazama sahani ikizunguka, na jina la mdogo wake pale katikati kwenye karatasi. Tuliuacha wimbo uishe. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, akiwa hatutazami sisi, "Basi nimemsahau. Nilimweka kichwani miaka yote hii, kumbe niliweka mtu mwingine."

Nikiri hapa, maana shajara haina faida ukiipaka poda. Nilikasirika. Mashine ya baba haijawahi kumdanganya mtu, nilijiambia, na miaka ni mingi, na yeye si wa kwanza kusahau. Maneno hayo yalifika kwenye ulimi kabisa. Nikameza, nikammiminia rubisi. Namshukuru Mungu kwa rubisi ile, kwa sababu kumwambia mtu kama yule kwamba kweli amesahau kungekuwa kumzika Salvatori mara ya pili, na safari hii mzishi ningekuwa mimi.

Aliyetuokoa ni Masanja na mdomo wake.

"Fundi, usikasirike," alisema. "Huyu mtu anaimba kama ng'ombe anayevutwa kwenda josho. Ni bendi gani itamlipa mtu aimbe hivyo?"

Tukacheka wote, hata Mama Generoza kidogo. Kicheko kikaisha, na mimi nikabaki nimeshika kifuniko cha mashine, nawaza. Nikachungulia ndani. Mpira ule wa baiskeli ulikuwa umelegea kama soksi ya mwanafunzi, ukiizungusha sahani polepole kuliko inavyotakiwa. Nikautoa, nikajaribu lastiki ya kiuno cha sketi. Sahani ikaruka na kulia kama paka. Nikajaribu nyembamba zaidi, ikateleza. Nikaurudisha mpira wangu wa zamani. Mvua ilikuwa imeanza kupiga bati, na Mama Generoza alikwisha kunyoosha kitenge chake magotini tayari kufunga. "Acha tu, mwanangu," akasema. Alivyosema hivyo nilisikia uchungu ambao sijausikia tangu msiba wa baba.

Sijui ni nani aliyeniambia niweke kidole. Nilishusha sindano, nikaweka kidole juu ya karatasi ya katikati, nikaisukuma sahani mbele.

Sauti ikapanda.

Nilisukuma mno, akawa mtoto mdogo anayelilia uji. Nikaachia, akarudi kuwa mzee. Mama Generoza aliacha kitenge kikaanguka.

"Panda tena," alisema. "Panda. Umempita. Rudi kidogo. Kidogo. Ego!" Akasimama. "Ego, ego! Ndiyo! Hapo! Ni yeye!"

Ilikuwa sauti ya kijana. Nyembamba, safi, yenye haraka, inayofika kwenye neno kabla ya gitaa. Nilishika hapo hapo. Mkono wangu umezungusha gurudumu la cherehani maisha yangu yote bila kujua unajifunzia nini. Masanja alijaribu kucheza, miguu ikamgomea, maana haikujua jazi ya mwendo ule. Akakaa, akapiga makofi nje ya mdundo. Mama Generoza hakulia. Alicheka, kiganja mdomoni, akituonyesha mashine kana kwamba tunamwona mtu. "Mwoneni anavyokimbia! Hata ugali alikula hivyo hivyo!"

Tulipiga tena. Mara ya tatu aliomba azungushe mwenyewe. Alifumba macho, kidole chake cha jembe juu ya karatasi, akamtembeza mdogo wake mwanzo hadi mwisho, bila kumpoteza hata mara moja.

Hakuwa amesahau chochote.

Jana nilizipiga sahani za baba peke yangu, kwa kidole. Watu wapya walitoka mle ndani: wachangamfu, vijana, watu wa kurusha wengine vitini. Niliwafurahia, halafu nikahuzunika, kwa sababu wale wanaume wa blanketi hawakuwahi kuwepo popote isipokuwa barazani kwangu, na mimi niliwapenda. Baba je, ninavyomkumbuka akicheza polepole na mama pale uani, alicheza hivyo kweli? Nilimuuliza mama yangu, akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: baba yako alikuwa anaruka kama panzi. Nimekaa na jibu hilo tangu jana. Linanichekesha na linaniuma.

Leo asubuhi nimekwenda kumsindikiza Mama Generoza. Malori yalikuwa yamejipanga kwenye matope, magodoro na kuku na masufuria juu, watu wakiitana kwenye ukungu. Gauni limemkaa vizuri, ingawa mkono wa kulia ungehitaji kupunguzwa. Alikuwa amekwisha kupanda. Akainama kutoka juu ya lori, akanipa kile kitenge, na ndani yake sahani.

Nilikataa. Nilimwambia hiki ndicho kitu pekee alichonacho.

"Ninakokwenda sijui kama kuna nyumba, sembuse mashine," alisema. "Atalala tena chini ya mkeka. Kwako ataimba."

"Lakini mama, mimi sikumjua. Nitajuaje kidole kiishie wapi?"

Injini ya lori la mbele ikawaka. Akajivuta ukingoni, akashika kichwa changu kwa mikono miwili kama unavyomshika mtoto unayetaka kumtoa kibanzi jichoni, na akaniimbia mstari wa kwanza. Mara moja. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. "Juu kidogo." Nikarudisha tena, katikati ya watu, mimi ambaye hata kwaya walinikataa. "Ego," akasema. Lori likaondoka.

Nimetembea hadi nyumbani nikiuimba mstari ule bila kuuacha, nikiogopa kuumwaga njiani. Watu wamenisalimu, sikuitika. Baba mdogo, mdogo wa mwisho wa marehemu baba, nimempita kwenye kona ya mikaratusi bila shikamoo, naye amesimama na fimbo yake akinitazama nikipita naimba Kirundi kwenye manyunyu. Kwa sasa ukoo mzima unajua kwamba nimekosa adabu au nimechanganyikiwa. Nitakwenda kuomba radhi. Leo nisingeweza kufungua mdomo kwa neno lingine lolote.

Nimeingia ndani na matope miguuni. Nimeweka sahani, nimeshusha sindano, nimeweka kidole, huku naimba. Alianza chini, mzito, mtu mwenye mzigo. Nikasukuma. Akapanda. Nikasukuma tena, nimeushikilia mstari wake kwa koo lililokauka, mpaka tulipofika mahali ambapo sikuweza tena kusikia ipi ni sauti yake na ipi ni yangu.

Kesho nikiamka nitauimba kwanza. Salamu za watu zitafuata.