Kishimo Chini ya Benchi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako asiyejua kunyamaza. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanataka kuhama? Sisi huku wazima, tena wazima wa kurukaruka, maana mwanangu, mwanao, karudi! Yuko uani, anaoga kwa mara ya tatu leo, nami kila nikimaliza mstari nakwenda kusikiliza maji yakimwagika nihakikishe siyo ndoto.

Unakumbuka alivyokamatwa. Shule zilipoanza kununua madawati gerezani, karakana yake ya useremala ikakosa kazi. Nani ataweza kushindana na muuzaji asiyemlipa fundi? Akaifunga. Siku moja kakaa zake kizingitini pa karakana, ameshika tama, polisi wakapita wakamzoa pamoja na vijana wengine. Kosa: uzururaji. Mzururaji gani, dada, mwenye ufunguo wa mlango anaouegemea? Pale kituoni walinicheka, wakasema hayo nikamweleze hakimu. Na kwa hakimu kila tukienda, kesi inaahirishwa, naye anarudishwa rumande gerezani.

Majirani niliwaambia amepata kazi serikalini. Chakula cha serikali, malazi ya serikali. Kilichokosekana ni mshahara tu.

Basi Jumatatu nikakuta mahakamani mabenchi mapya, yananukia vanishi. Nikakaa. Mkono ukateleza chini, kidole kikazama. Dada! Ni kile kishimo ambacho marehemu baba yake alimfundisha kukichonga upande wa kushoto, ili mtu akilinyanyua benchi lisimponyoke. Hakuna fundi mwingine anayejisumbua hivyo. Mwanangu ana mkono, nilisema tangu ananyonya.

Nikasimama. Askari akaniamuru nikae. Nikamwambia siwezi kulikalia jasho la mwanangu, naye hata hajahukumiwa. Watu wakaguna. Hakimu akavua miwani, akauliza mabenchi yametoka wapi. Karani akajibu, gerezani. Akamgeukia mwanao, akamuuliza nani aliyemfanyisha kazi kabla ya hukumu. Mtoto akaangalia miguu yake kwanza, kisha akasema mahabusu wote wanachonga, na anayekataa hapati blanketi. Hapo ndipo hakimu alipouliza ule mlango aliokamatiwa ulikuwa wa nani. Nikajibu mimi, ingawa sikuulizwa, kwamba ni wake mwenyewe, mheshimiwa, na kitasa nilinunua mimi! Akamwachia palepale. Nilipiga vigelegele mpaka nikatolewa nje, na huko nje nikaendelea.

Sasa neno lenyewe, ambalo hata yeye sijamwambia. Wenzake bado wamo ndani, wanachonga. Hakimu ameamuru jambo lao lisikilizwe Alhamisi ya wiki ijayo, na anatakiwa mtu wa kutoa ushahidi. Wao hawathubutu, usiku gerezani una baridi. Mwanao ameniomba ninyamaze, anasema polisi wanaijua njia ya kwetu. Nami naogopa, dada. Lakini nimeshakubali kusimama. Mama zao wako mbali, wengine hata hawajui watoto wamelala wapi. Nani atawasemea?

Nisalimie shemeji, wabusu wajukuu, goti ulikande kwa maji ya moto, kisha uje. Vaa lile gauni la bluu, ukae mbele nikuone. Ila kabla hujakaa, papasa chini, upande wa kushoto. Ukikikuta kishimo, usikae. Simama nami.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Fundi