Makala Niliyoikalia

Jumanne, 4 Novemba

Nimepima sukari. Iko juu. Chai ya rangi, mkate mkavu, hasira. Zuhura amepiga simu kabla sijavaa. Arobaini ya baba yake, Twalib, ni Jumapili ya tarehe 16, hapo hapo kwao Mji wa Kale. Anataka nisome makala moja ya marehemu baada ya dua, kwa kuwa nilikuwa mhariri wake miaka ishirini na mbili. "Iwe nyepesi, ami. Watu wacheke kidogo." Nimekubali. Ningesema nini?

Safu ya Twalib ilitoka gazetini kila Ijumaa. Serikali ilipopiga marufuku watu kukusanyika barazani, alipeleka barua ofisini kwao kuomba kibali cha mkutano wa mtu mmoja, yeye mwenyewe, kwenye baraza ya nyumba yake. Ajenda: kunyamaza. Waliigonga muhuri. Baada ya wiki tatu wakamjibu kwamba ombi linashughulikiwa. Akaliweka jibu hilo kwenye safu kama lilivyo, bila kuongeza neno. Mji ulicheka mpaka marufuku ikafa kimyakimya. Sasa hakuna wa kufanya hivyo. Mimi siwezi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetoa faili zake. Vumbi na chafya. Kila ukurasa una wino wangu mwekundu. Nilidhani nilikuwa nikimnyooshea sentensi. Nilikuwa nikimng'oa meno.

Chini kabisa ipo ile ya mwisho. Kurasa mbili kwa mkono wake, tarehe 11 Machi mwaka huu. Sikuichapa. Inahusu Mbwana, fundi wa boti wa Liwatoni, aliyesimama mkutanoni akauliza kwa nini mafundi wanafukuzwa ufukweni. Siku chache baadaye watu wasio na sare walimtia kwenye gari lisilo na namba. Twalib anaanza kwa mzaha wake: ni nani mwingine hapa Mombasa anayefuatwa na gari mpaka mlangoni bila kuliomba? Kisha mzaha unakoma. Anaandika jina kamili la Mbwana, jina la mkewe, saa aliyochukuliwa. Anauliza yuko wapi.

Mtu mmoja aliyekamatwa vivyo hivyo akaachiliwa Aprili alisema walilala chumba kimoja na Mbwana hadi mwisho wa Machi. Liwatoni yote inajua hilo. Baada ya hapo, hakuna habari.

Hakuna aliyenipigia simu kunitisha. Hilo ndilo linaloniuma. Niliogopa kabla ya kutishwa. Twalib hakugombana nami. Aliziacha kurasa mezani kwangu, akasema, "Mwoga hukimbia, Hemed. Wewe hukaa ukakata." Hakuniandikia tena.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeamua. Nitaisoma hiyo. Nimeijaribu mbele ya kioo. Kwenye jina la Mbwana nimekwama mara mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Zuhura anasema mheshimiwa ametoa mahema na viti, na atakaa mbele. Ndiye huyu ambaye Twalib alimwita mbunge wetu wa mazishi, maana kwingine haonekani. Nimecheka peke yangu jikoni. Kisha nimeacha kucheka.

Ijumaa, 14 Novemba

Sijala. Nina miaka sitini na tisa, naogopa nini? Naogopa.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesoma ya kunguru.

Zote mbili zilikuwa mfukoni. Khitma imekwisha, dua imesomwa, nimepewa kipaza sauti, na mkono umetoa ile ya kunguru wa Mombasa, wanaokula jasho la wengine na kupiga kelele wakifukuzwa. Watu wamecheka. Mheshimiwa amecheka kuliko wote, amejifuta macho kwa leso. Aya ya mwisho, inayotaja kunguru ni akina nani, niliikata mimi miaka tisa iliyopita. Kisha biriani. Nimekula sahani nzima. Najichukia.

Jumatatu, 17 Novemba

Mejumaa, mke wa Mbwana, amekuja kutoka Kibarani. Sikumjua mpaka alipojitaja. Jana alikuwa upande wa wanawake. Amekaa ukingoni mwa kiti, maji hakuyagusa. Amesema anataka shahidi, na mimi nilikuwa karibu na marehemu.

"Maalim alinambia ataandika habari ya mume wangu. Nalingoja kila Ijumaa. Nlipomuuliza akanambia makosa ni yake, amechelewa. Jana nasikia mpaka kunguru aliwaandika. Basi nimemsamehe, mzee wangu. Simdai kitu huko aliko."

Amechelewa. Alijitwisha kosa langu akafa nalo. Na mimi nimefungua kinywa nikasema, "Mungu akulipe kheri." Nimemsindikiza mpaka mlangoni.

Jumanne, 18 Novemba

Sikutoka. Simu ya Zuhura sikuipokea.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimekwenda Kibarani asubuhi. Nimemkuta Mejumaa akianua nguo. Nimempa kurasa mbili, nikamwambia Twalib aliandika kwa wakati, na aliyeikalia makala ni mimi.

Amesoma amesimama, polepole, kidole kikifuata mstari. Kwenye mzaha wa gari ametabasamu kidogo. Jina la mumewe amelisoma mara mbili, na lake pia. Kisha amerudi juu ya ukurasa, kwenye tarehe. Ameitazama muda mrefu.

"Siku hii alikuwa hai," amesema.

Nimesema ndiyo.

Amezikunja kurasa, amenirudishia mkononi, amebeba beseni lake la nguo, ameingia ndani. Mlango hakuufunga. Nimesimama pale nisijue kama nimekaribishwa. Baada ya muda nimeondoka.