Mahari Bila Cheti

Winifred, nikutegee kitendawili. Ametolewa mahari, ana watoto watatu, na si mke wa mtu. Ni nani?

Ni Ihirwe, mjukuu wangu. Tumetoka kwa wakili sasa hivi.

Alikwenda kuomba talaka, ili asipoteze nyumba yao kule Gahanga. Wakili akataka kwanza cheti cha ndoa ya serikali. Hana.

“Dada, bila cheti hakuna ndoa ya kuvunja.”

Hakuna ndoa ya kuvunja. Miaka kumi na miwili, Winifred.

“Nani aliwaambia msiende kusaini ndoa kwenye sekta, ofisi ya serikali?” wakili akauliza.

Ihirwe akatazama viatu vyake. Wakili akauliza tena. Mjukuu wangu alikuwa ananikinga.

Hata sikulia.

Nikasema, “Ni mimi. Niliwaambia ng'ombe wa mahari wanatosha.”