Barafu Kwenye Pete za Ufito

Stara Grobla,
kando ya mto Łeba,
Alhamisi, 21 Januari 2016.

Mpendwa mwanangu Ignacy,

U hali gani huko Uswidi, wewe na Malwina, na yule mdogo anayeota meno? Sisi huku tunaamka, tunakula na kulalamika, kwa hiyo tu wazima. Mgongo unanisumbua kama kila Januari. Mama yako mdogo Felicja ana mafua, ila sauti yake haijapungua hata chembe. Theluji imefika usawa wa madirisha na kuku wamegoma kutaga.

Kifurushi chako kilifika Jumatatu. Barua yako nimeisoma mara mbili jikoni na mara ya tatu chooni, mahali ambapo Felicja hawezi kuniona uso. Umeandika kwamba kisu kilichomo ni zawadi kwa mtu aliyemtoa baba yako mtoni, yaani mimi, mdogo wake. Ni kisu kizuri mno, mpini wake unakaa mkononi kama nilipimiwa. Nakurudishia pamoja na barua hii. Sababu nitakueleza, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujaanza kunitukana.

Kwanza nijibu lile uliloniuliza, maana ndilo rahisi. Unasema huko kwenu pete za ufito wa kuvulia zinaziba barafu na mshipi unakwama baada ya kuurusha mara nne tu. Barafu hiyo unaileta mwenyewe. Kila unapouvuta mshipi unavuta na maji, maji yanabaki kwenye pete, na ile ya nchani huziba mwanzo kwa sababu ndiyo ndogo kuliko zote. Usiigonge, wala usiing'oe kwa kucha. Ufito wa siku hizi ukishapata baridi unavunjika kama tambi mbichi. Uchovye mtoni, hesabu hadi kumi, kisha uutoe. Maji ya mto yana joto kuliko hewa, hata kama vidole vyako vinakataa kuamini. Mshipi uuvute taratibu. Na kabla hujatoka nyumbani, ufito ungali mkavu, zipake pete mafuta.

Ukiniuliza mafuta gani, hapo ndipo mimi na baba yako tulipotaka kuuana. Sisemi kwa mzaha.

Baba yako anatumia mafuta ya bata bukini, kama alivyofanya babu yako. Yanayeyushwa bila chumvi, yanachujwa kwa kitambaa mara mbili, halafu yanawekwa kwenye kopo la rangi ya viatu. Mimi napaka yale mafuta ya midomo yanayouzwa duka la dawa. Basi, kila tarehe mosi Januari, msimu wa kuvua samaki wa trauti wa baharini unapofunguliwa na wanaume wa wilaya nzima wako mtoni na vichwa vinawauma kwa vinywaji vya mwaka mpya, baba yako hunisimamisha mbele yao.

"Jamani, mpisheni bibi harusi! Klemens ameshaupaka ufito mafuta ya midomo, bado kuuvalisha shela!"

Watu hucheka. Nami nilikuwa nacheka nao, miaka ishirini na miwili. Nyumbani nilikuwa nafika nimekunja ngumi mfukoni, na Felicja akiniuliza nina nini namwambia ni baridi.

Mwaka huu nikasema atakoma. Jioni ya mwisho wa mwaka tulikuwa kwenu, mama yako ametuandalia samaki wa heringi na matango ya chumvi. Nikatoka kwenda ukumbini kana kwamba natafuta koti. Kopo lake lilikuwa dirishani. Nikachota mafuta ya bata karibu yote, nikatia yale ya nguruwe anayotengeneza Felicja kwa kupaka mkate, yenye chumvi, vitunguu na chembe za ngozi iliyokaangwa. Juu nikasawazisha kwa tabaka jembamba la mafuta yake mwenyewe. Nilitaka asubuhi anuke vitunguu mbele ya watu, achekwe na yeye kwa zamu yake. Wiki moja tu kabla ya hapo tulikuwa tumemegeana mkate wa mkesha wa Krismasi, tukaombana msamaha kwa yote ya mwaka. Naona haya kukuandikia.

Baba yako hupaka pete alfajiri bila kuwasha taa, kwa mazoea. Hakuona kitu.

Kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na moja chini ya sifuri. Tulitembea mbali na wengine, hadi kwenye kona iliyo chini ya ile miti inayoinamia maji, unaijua, pale ulipopoteza kiatu ukiwa na miaka sita. Tulikuwa wawili tu. Zile chembe za ngozi zilikaa kwenye pete zake na barafu ikazishika, ikajijenga juu yake. Akawa anachovya, anafuta, anatukana, anachovya tena. Mimi nilikuwa nimempa mgongo ili asinione meno.

Ndipo samaki akameza chambo cha baba yako. Ignacy, nimevua mto huu tangu utotoni na sijawahi kumwona wa namna ile. Aliruka mara moja, mweupe, mnene, mrefu kama mguu wa mtu mzima, kisha akakimbia na maji. Mshipi ulitoka hatua tatu ukakwama kwenye pete ya nchani. Ufito ukapinda mpaka ukalia, ncha ikavunjika, mshipi ukakatika. Akaenda zake.

Baba yako alivua glavu, akasugua pete kwa kidole, akanusa, kisha akakitia kidole mdomoni.

"Vitunguu," alisema.

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti kubwa.

"Samaki huyo nimemngoja miaka arobaini, mbwa wewe!"

"Basi mwite bibi harusi akuvulie!"

Alichomoa kopo mfukoni akanipiga nalo usoni. Nilisikia pua inapasuka. Damu iliniganda kwenye masharubu kabla sijaipangusa. Nikampiga mdomoni kwa kitako cha ufito wangu, jino likamtoka, akalitema kwenye theluji na kunirukia. Tulianguka pamoja kwenye barafu ya ukingoni, ikapasuka, tukaingia mtoni. Maji pale yanafika kifuani. Zile suruali zetu za mpira zilijaa papo hapo. Yeye alikuwa chini, mimi juu.

Sasa nisome vizuri, maana hili hakuna aliyekuandikia. Nilimshika ukosi kwa mikono miwili nikamzamisha. Si kwamba niliteleza, na mkondo haukunisukuma. Alipoinua kichwa nilimrudisha chini. Alinipiga mbavuni, kisha akanipiga taratibu zaidi, kisha akanishika tu mkono. Na mimi nilikuwa na furaha. Natafuta neno jingine na silipati. Nilikuwa nafurahi kama mtu aliyetua mzigo.

Bwana Labuda, mwenyekiti wa chama chetu cha wavuvi, alisikia makelele akaja mbio kupitia mitini. "Klemens! Klemens, shikilia, nakuja!" Niliposikia jina langu ndipo nilipomvuta baba yako juu. Labuda alichokiona ni mimi namtoa ndugu yangu majini. Hilo ndilo alilolisimulia kanisani, dukani, na kwa mama yako, naye akakupigia simu wewe. Kama Labuda angechelewa kidogo, sijui kama ningemwinua. Kila usiku najiuliza, na kila usiku sijui.

Baba yako alilazwa siku nne, ubavu umevunjika na maji yameingia mapafuni. Madaktari aliwaambia ameteleza. Chama kikaniandikia cheti chenye muhuri na Felicja amekitundika ukutani juu ya redio. Mama yako aliniletea keki ya mbegu za mpopi, akanibusu mikono. Ignacy, mama yako alinibusu mikono hii.

Jumapili iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwenu baada ya misa. Mama yako alikuwa bado kanisani na kwaya. Nilimkuta baba yako mezani ana ufito mpya, anazipaka pete mafuta, moja moja, bila haraka.

"Gustek," nilimwambia, "nina neno la kukuambia kuhusu siku ile."

"Kaa. Unaniletea baridi mlangoni."

"Sikukutoa majini."

"Najua," alisema, na hakuinua kichwa. "Macho yangu yalikuwa wazi. Maji ya Januari ni safi sana, Klemens. Nilikuona uso wote. Ulikuwa unatabasamu."

Nilishika kiti. Nilimuuliza kwa nini basi hakumwambia Labuda, wala polisi, wala mkewe.

"Labuda yanamhusu nini? Haya ni ya kwetu." Akafunika kopo, akajifuta vidole kwenye suruali. "Jumamosi daktari ananiruhusu kutoka. Tunakwenda palepale, mimi na wewe. Safari hii wewe utatangulia kwenye kina, mimi nitasimama nyuma yako."

"Kufanya nini?"

"Kuvua. Watu huenda mtoni kufanya nini kingine?"

Kisha akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu kama ninavyopenda, akauliza kuku wanaendeleaje. Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, sikuiona. Nilitafuta msamaha, nao sikuuona. Nimeishi na mtu huyu miaka hamsini na minne na sikuweza kujua anawaza nini.

Kesho kutwa ndiyo Jumamosi. Nitakwenda. Felicja nimemwambia tunakwenda kuangalia barafu tu. Ninaogopa, sikufichi. Lakini nisipokwenda nitakuwa nimemzamisha mara ya pili.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wakikupigia simu kwamba nimeteleza, usimuulize baba yako swali hata moja, si leo wala akiwa mzee kitandani. Mkumbatie, umwambie pole kwa kufiwa na ndugu.

Nisalimie Malwina, umwambie soksi alizoniletea kiangazi ndizo nitakazovaa. Mbusu mdogo kwenye ufizi unaomuuma. Felicja anakusalimu, na shangazi yako Otylia pia, analalamika humwandikii. Mungu awape amani ndani ya nyumba, na akupe ndugu utakayeweza kumpa mgongo bila hofu.

Ni mimi, ambaye nakupenda hata utakapoacha kunipenda,

Baba yako mdogo,
Klemens