Meli Tuliyoikata Wenyewe

Pula, Kroatia
12 Februari 2023

Mpendwa mdogo wangu Livio,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, mkeo na watoto? Joto la huko Fremantle, Australia, limepungua? Sisi tunaendelea hivyo hivyo. Magoti yanamsumbua mama kwa baridi hii, ila bado anapika supu yake ya maharage na mahindi, na ole wako usipomaliza sahani.

Barua yako imefika. Umesikia kwamba karakana yetu ya meli inaita watu kazini, na unauliza kama fundi bomba kama wewe anaweza kurudi. Ni kweli, walituita. Ngoja nikueleze tuliitwa kufanya nini.

Unaikumbuka ile meli ya kubeba magari iliyoachwa haijakamilika karakana ilipofilisika? Mwenye kuiagiza alipeleka oda yake China, wengine hawakuitaka. Ikabaki palepale inaliwa na kutu.

Mwezi wa kumi mume wangu Klaudio akapigiwa simu, nami nikapigiwa. Shemeji yako alivaa buti zake asubuhi ile utadhani bwana harusi. Mimi nikapanda kwenye winchi langu, nikafuta vumbi kwenye vioo, nikamshukuru Mungu. Kisha tukaitwa chini. Msimamizi wetu Ferdo, bado ni yule yule wa mizaha, akatutangazia kwamba meli inakatwa iuzwe chuma chakavu.

Klaudio akamwambia, "Ferdo, ubavu huu niliuchomelea mimi."

"Basi wewe ndiye unayejua pa kuukatia, bwana."

Watu wakacheka. Hata Klaudio alicheka. Halafu akashusha kinyago chake cha kuchomelea usoni, akawasha mwali wa kukatia chuma.

Ikawa ndiyo kazi yetu, mdogo wangu. Mume wangu anakata, mimi nashusha. Maisha yangu yote kwenye winchi lile nilikuwa napandisha vyuma, meli inakua mbele ya macho yangu. Safari hii ilikuwa inapungua, na ni mkono wangu unaoipunguza. Siku moja nikamwambia Klaudio tuache.

"Tukiacha wataleta wengine, Nives," akasema. "Afadhali ikatwe na wanaoijua."

Kesho yake nikapanda tena winchini.

Kipande cha mwisho kilikuwa pua ya meli. Nilipoilaza chini, wanaume wakavua kofia zao, mmoja mmoja, bila kuamriwa na mtu. Ferdo akaenda nyuma ya ghala akidhani hakuna anayemwona. Mimi nilikuwa juu, nikamwona. Alikuwa ameegemea ukuta, mabega yanatikisika. Nikangoja hukohuko juu mpaka aliporudi kwa wenzake, ndipo nikashuka. Wiki iliyofuata tukaambiwa ahsanteni, kazi imekwisha.

Kwenye televisheni wanasema mambo yatakuwa mazuri. Eti Ulaya itaunda manowari na vivuko vya umeme, meli za mizigo waachiwe China na Korea. Huenda. Ng'ambo, Italia, bado wanaunda meli za watalii, na Klaudio yuko huko sasa kupitia wakala wa kazi. Analala chumba kimoja na vijana wa Bangladesh. Anasema ni mafundi hodari na pilipili yao inamtoa machozi. Lakini hapa kwetu, kati ya waliokuja kuikata ile meli, hapakuwa na kijana hata mmoja. Hata oda ikija kesho, nani ataipokea? Wanaojua tumezeeka, na waliotakiwa kujifunza kwetu wako Ireland na Ujerumani.

Kwa hiyo usifunge mizigo kwa ajili ya kazi, Livio. Hakuna kazi. Ukija, njoo kumwona mama wakati bado anakutambua kwa sauti ukipiga simu.

Mimi nimepata kazi ya kutandika vitanda hotelini, naanza kabla ya Pasaka. Walinipa ghorofa ya nne, vyumba vinavyotazama bandari na karakana yetu, wakidhani wamenipendelea. Nimewaomba wanihamishie upande wa maegesho ya magari.

Shangazi Eufemija anakusalimu, na Ferdo pia, anasema bado anakudai mchezo wa karata. Wabusu watoto kwa niaba ya mama. Bikira Maria awafunike kwa vazi lake, isije ikawatoka mikononi kazi mnayoipenda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Nives