Karani wa Karakana

Nyumbani, Jumapili asubuhi

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kile kikohozi cha mwanao mdogo kimekwisha. Sisi huku tupo. Zamani ningeandika hatujambo kisha nikaendelea na mengine, lakini leo nimeamua nisikuandikie jambo ambalo si kweli, kwa hiyo nasema tu tupo. Tunaamka, tunakula, tunalala.

Barua zako tatu nimezipata. Ya kwanza nilimsomea baba yote. Ya pili niliruka pale ulipouliza habari za kazi. Ya tatu nimeikalia mpaka leo. Najua umekasirika na una haki ya kukasirika, maana uliuliza swali moja tu, kwamba iweje mtu aliyetengeneza pinde miaka arobaini aache siku moja kama anayevua koti, nami nikakujibu kwa mstari mmoja kwamba macho ya mzee yamechoka. Nilipokuwa nalamba bahasha ile nilijua kwamba hutaridhika.

Karakana ukiiona leo utasikitika. Ule ubao wa ukutani tuliokuwa tunaning'inizia pinde ili tuzitazame zikivutwa bado upo, na kapi lake la kupitishia kamba ya kuzivutia lipo, ila kamba nimeichukua ya kuanikia nguo. Miti iliyopasuliwa bado imelala juu darini inakauka, ncha zake zimepakwa ile rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mlango. Randa, tupa na patasi baba alimpa jirani yetu fundi makochi. Yule bwana anavyopenda vya bure, nilidhani atacheka mpaka jino la mwisho, lakini alivipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa kama aliyekuja msibani. Sasa anachongea miguu ya makochi.

Baba mwenyewe anakaa kwenye kiti uani, uso ameuelekeza ukutani. Ukimsalimu anaitikia, ukimpa chai anakunywa. Hamuulizi mtu habari yoyote. Ule utani wake wote, ule wa kusema wifi amekulisha mpaka umesahau kushika msumeno, umekwisha.

Ili nikueleze vizuri inabidi nianze na Karani. Unamkumbuka, kwa sababu ni wewe uliyetengenezewa. Wakati unajifunza kazi, baba alisema jicho lako lina haraka, akachukua kibao kifupi cha mti mgumu, urefu wa kiganja, akakinyoosha uso mmoja mpaka ukanyooka kabisa, akatoboa tundu katikati na kukaza penseli humo kwa skrubu. Upinde ukishafungwa ugwe, ile kamba yake, na kupinda, unatelezesha kibao tumboni mwake, upande wa ndani. Pale mti unapopinda vizuri penseli inapita hewani, na pale panapokaidi penseli inagusa na kuacha mstari. Unakwangua penye mstari, unaacha pasipo na mstari, mpaka penseli ipite mkono mzima wa upinde bila kuandika kitu. Baba akamwita Karani, kwa sababu anaandika tu na hana maoni.

Wewe ulipoondoka, baba alikuwa hamtumii. Alikuwa anafumba jicho moja, anautazama upinde kutoka upande wa ncha, anakwangua kwa kile kipande cha msumeno alichokinoa, na mambo yanakwisha. Lakini miaka hii ya karibuni akaanza kumtafuta Karani, kwanza kwa kujificha, halafu waziwazi. Alisema umri ukienda, jicho linaanza kumbembeleza mwenyewe na kumwambia anayotaka kuyasikia. Mimi nilimcheka. Nilimwambia amepata bosi uzeeni.

Basi mwaka jana akaja kocha wa klabu ya kulenga shabaha, yule mrefu mwenye sauti ndogo. Alitaka pinde kumi na mbili za wanafunzi wake, zote za nguvu moja, ili atakayebadilishana na mwenzake asione tofauti. Kaka, hukumwona baba siku ile. Alivaa shati la kutokea kwenda kuchagua miti. Aliniambia hii ndiyo kazi yake ya mwisho kubwa, na akiimaliza vizuri atajua kwamba hakuwa anabahatisha miaka yote ile. Alilisema neno hilo mara nyingi mpaka nikalichoka.

Upinde wa kwanza ulitoka laini. Tuliuvuta ukutani kwa mizani ya ndoano, ukawa haufiki nusu ya nguvu aliyoitaka kocha. Baba akaulaumu mti. Wa pili ukawa vilevile, na huo mti alikuwa ameukausha miaka minne, hakuwa na pa kuulaumu. Wa tatu aliufanya polepole, tangu Jumatatu hadi Alhamisi, akikwangua kidogo na kumpitisha Karani, akikwangua tena. Ijumaa kocha akaja kuuona. Akauvuta hapo uani mbele ya fundi makochi na mbele yangu, na upinde ukakunja mkono mmoja pale katikati kama kiwiko, ukavunjika. Kibanzi kikamchana kocha shavuni. Akapangusa damu kwa kitambaa na kusema haidhuru, mzee, hutokea. Angetukana ingekuwa nafuu.

Baba aliokota vipande, akavitazama. Ndipo akasema kwamba siku mbili kabla, jicho lake lilimwambia mti unatosha, aache. Lakini penseli ilikuwa bado inaandika, na kati ya jicho la mzee na kibao kilichonyooka, mtu mwenye akili anafuata kibao. Sasa amefuata kibao na bado ameharibu, akasema, basi hata kukisoma kibao hawezi tena. Macho yamekufa. Akavua aproni na kuikunja mara nne.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimpima nusu saa, akasema kwa umri wake macho ni mazuri, miwani ya kusomea inatosha. Baba alimshukuru kwa heshima zote, na tulipotoka nje akaniambia kijana yule amelelewa vizuri, hapendi kuvunja wazee moyo.

Sasa kaka, kama umesimama, kaa.

Karani hakuwa amenyooka. Nilimharibu mimi. Wiki ile baba alipokwenda kuchagua miti nilifanya usafi karakana, nikamkuta Karani ameganda mafuta na vumbi, nikaona haya kocha amkute hivyo. Kazi yangu humo ndani miaka yote ni kusugua, ndiyo sababu mkaniita Msasa, nikaona nani atanifundisha kusugua. Nilimshika mkononi nikamsugua uso wake hadi ukang'aa. Wewe unajua tayari kilichotokea. Kipande kidogo ukikisugua mkononi, pembeni panaliwa kuliko katikati. Karani akaota kitambi na penseli ikachomoza. Akawa anayumba na kuandika hata pale ambapo mti ulikuwa umeshakubali kupinda, na baba, kwa kumwamini, akawa anakwangua mti mzuri.

Hilo ni kosa, na kosa mtu husamehewa. Ninalotaka kukuambia ni jingine. Baada ya upinde wa pili nilishuku. Jumatatu, baba akiwa anaoga, nilimweka Karani juu ya kioo cha dirisha nikachungulia. Mwanga ulipita chini yake kushoto na kulia. Nikaelewa yote pale pale. Upinde wa tatu ulikuwa umebanwa kwenye jiliwa, ndiyo kwanza umeanza. Neno moja tu lingetosha.

Siku ile nilinyamaza kwa aibu. Kesho yake nilinyamaza kwa sababu nyingine, na hii sijamwambia mtu. Nilikuwa nimechoka, kaka. Wewe uliondoka ukaniachia kamba ya kapi mkononi, na miaka kumi na moja nimevuta kamba hiyo, nimefagia vipande vya mti, nimekohoa vumbi, nimewajibu wanaume wawili waliotaka kunioa kwamba wasubiri kwanza mzee apumzike. Na mzee hakuwa na nia ya kupumzika. Nikajisemea, acha uvunjike, atakata tamaa kidogo, atakaa chini, nami nitakaa chini. Nilitaka apumzike ili nipumzike mimi. Sikujua kwamba atajifuta kabisa. Hapana, nimesema sitaandika uongo. Nilijua kidogo.

Nilinyamaza miezi saba. Alhamisi hii nikashindwa. Kwanza nilitandika msasa juu ya kioo, nikamsugua Karani polepole mpaka akanyooka. Robo saa tu, kazi imekwisha. Kisha nikaenda uani, nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba, nikamweleza tangu usafi hadi kioo. Nilimwambia jicho lake ndilo lililokuwa sahihi. Nilimwambia kwamba laiti angelifuata, zile pinde zote kumi na mbili zingekuwa klabuni sasa.

Aliweka kikombe cha chai chini ya kiti. Halafu akauliza kitu kimoja tu, kwamba nilijua lini. Nikasema Jumatatu ile, upinde wa tatu ulipoanza. Akahesabu kwa vidole vyake, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Siku nne alizokwangua akiniuliza kila mara kama naona anakwenda sawa, na mimi nimeshika kamba nasema ndiyo baba.

Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba akilikubali neno langu atapata macho yake, lakini itambidi anitazame mimi kwa macho hayo. Kwa hiyo hapana. Macho yamekufa, akasema, na mimi ni mtoto mwema ninayetunga hadithi za kumfariji baba yangu, na hadithi hiyo nisiirudie tena.

Usimwandikie kuhusu jambo hili, nakuomba. Usije kumbembeleza. Nimejaribu tena Ijumaa, akaziba masikio kwa viganja. Na usinisamehe kwa barua, maana itabidi nimsomee.

Tangu siku hiyo amebadili kitu kimoja. Akitaka kutoka chumbani ananiita, ananipa mkono, nami namwongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye kiti, kama wanavyoongozwa vipofu. Leo asubuhi nilikuwa nimesahau ndoo mlangoni. Kabla sijafungua mdomo aliinua mguu akairuka, akasubiri upande wa pili, mkono bado umo mkononi mwangu, nimwambie njia iko wapi.

Wasalimie wote, wifi na wanao, na yule jirani yenu anayenisalimia kila barua bila kunijua. Fundi makochi anawasalimu. Baba naye anakusalimu sana, anasema angekuandikia mwenyewe, ila haoni.

Mimi mdogo wako,
Msasa